Ziwa Ulilonyonya Hulikumbuki

Hapana mtu aikumbukaye siku aliyozaliwa. Hapana aikumbukaye siku ya akika yake, aliponyolewa nywele na kupewa jina, wala ziwa la kwanza alilonyonya. Mwulize mtu mzima jambo la kale kabisa alikumbukalo mwenyewe, naye aghalabu atakutajia la umri wa miaka mitatu au minne. La nyuma ya hapo ni la kuhadithiwa.

Kwetu Waislamu jambo hili si dogo, kwani linagusa ndoa. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi hapa pwani, mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mwanawe wa kunyonya. Haimjuzii kumwoa binti wa mwanamke yule, wala mwingine aliyenyonya kwake. Na miaka miwili hiyo ndiyo hasa asiyoikumbuka mtu!

Imamu Bukhari amepokea kisa cha Uqba bin Harith, sahaba aliyekuwa Makka. Alipokwisha kuoa, alimjia mwanamke akasema kuwa aliwanyonyesha wote wawili, Uqba na mkewe. Uqba akajibu kuwa hana habari hiyo. Alifunga safari mpaka Madina kumwuliza Mtume (S.A.W.), na baada ya kusikia jawabu aliachana na mke yule. Neno la mama mmoja lilijua lisilojulikana na wenyewe.

Je, mtoto mchanga hana hifadhi? Anayo. Mtaalamu wa Marekani, Bibi Carolyn Rovee-Collier, alifunga utepe kwenye mguu wa mtoto na kuuunganisha na vidude vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha teke, vidude hucheza. Watoto wa miezi mitatu waliukumbuka mchezo huo kwa kadiri ya wiki moja. Wa miezi sita, kadiri ya wiki mbili. Basi kukumbuka hukumbuka, ila kumbukumbu haikai.

Ndani ya ubongo mna sehemu iitwayo hipokampasi, ambayo kazi yake ni kuyaweka tuliyoyaona. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Kanada, walionyesha kwa panya kuwa chembe mpya zinazoota humo kwa wingi utotoni huzivuruga kumbukumbu zilizotangulia. Ni kama nyumba inayokaliwa huku ingali ikijengwa: milango huhamishwa, na kilichowekwa jana leo hakionekani. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, waliopiga picha za ubongo wa watoto wachanga, waliona kuwa tangu umri wa kama mwaka mmoja sehemu hiyo huwa tayari inahifadhi. Sasa wataalamu wanajiuliza: je, yale ya utotoni hufutika, au yamo ndani ila tumepotelewa na ufunguo?

Lakini ubongo si yote. Mazungumzo nayo yana sehemu yake. Utafiti uliotolewa New Zealand mwaka 2000 uliona kuwa Wamaori, watu wanaoyatukuza sana mambo ya wazee wao, hukumbuka mambo ya kabla ya kutimiza miaka mitatu, mapema kuliko wenzao wa asili ya Ulaya. Mtoto anayeulizwa, "Jana tulikwenda kwa nani? Nani alikupa halua?" hujifunza kuifunga siku yake kwa maneno, na kilichofungwa kwa maneno hakipotei upesi.

Kazi hiyo kwetu ilikuwa ya akina nyanya, jioni, mtoto kamlalia mapajani. Siku hizi mtoto akilia hupewa simu aitazame, naye nyanya amekaa kando kimya. Hapo tunapoteza mara mbili: mtoto hapati wa kumfunza kukumbuka, na nyanya hapati wa kumwachia ayajuayo.

Kurani, katika Sura ya Bani Israili, imetufunza kuwaombea rehema wazazi kwa vile walivyotulea tulipokuwa wadogo. Tunaomba kwa ajili ya wema tusioukumbuka hata chembe. Basi, ndugu msomaji, mwendee mama yako, au shangazi, au jirani wa zamani, umwulize: nani alininyonyesha mama alipokuwa mgonjwa? Nani mwingine alinyonya kwake? Andika majina hayo, wanao wakayakute kabla ya posa.