Mizani ya Pamba na Pesa za Simu

Zamani mkulima wa Usukuma alipofikisha pamba gulioni, mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye bei, na ndiye mwenye mizani. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vikaungana Mwanza kuwa Victoria Federation, chini ya Ndugu Paul Bomani. Mkulima akapata mizani yake.

Leo mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hupokea malipo kwa simu. Mwaka 2014 kampuni za simu zilianza kuruhusu pesa zivuke mtandao hadi mtandao. Mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Lakini kampuni zikipatana ada kwa siri, mchuuzi huyo atakuwa amerudishwa gulioni. Sheria ya Ushindani ya 2003 yakataza mapatano hayo. Twasema basi: Tume ya Ushindani isilale, nasi tusinyamaze.