Si kila mwanafunzi ‘mtukutu’ ni mtovu wa nidhamu

INGIA katika majilisi ya walimu wakati wa chai usikilize wanafunzi wanavyotajwa. Anayetumia kiti cha magurudumu ni “yule mwenye ulemavu”. Anayerusha vitabu, au kulia bila sababu inayoonekana, ni “mtukutu”, “kichwa ngumu” au “huyo amedekezwa kwao”. Wa kwanza huhurumiwa. Wa pili hutafutiwa barua ya kumrudisha nyumbani.

Tafiti katika nchi mbalimbali zimeonyesha kwamba walimu huwa tayari zaidi kumpokea darasani mwanafunzi mwenye ulemavu wa viungo kuliko mwenye ulemavu wa kihisia na kitabia. Ulemavu huu hauna fimbo nyeupe wala magongo. Kinachoonekana ni tabia tu, na tabia tumezoea kuigawa mara mbili: nzuri na mbaya. Basi mtoto huhukumiwa kabla ya kutathminiwa.

Methali nazo huchangia. “Tabia ni ngozi” humwambia mwalimu kwamba mtoto habadiliki, wa nini kujisumbua? “Samaki mkunje angali mbichi” humwambia kwamba anaweza kunyooshwa, ila aghalabu hutajwa kiboko kikiwa tayari mkononi. Hakuna kati ya hizo inayouliza mtoto amepatwa na nini.

Je, utundu na ulemavu hutofautianaje? Utundu wa kawaida huja na kupita. Ulemavu wa kihisia na kitabia hudumu kwa muda mrefu, huwa mkali kupita umri wa mtoto, hujitokeza shuleni na hata nyumbani, na huvuruga masomo yake na uhusiano wake na wenzake. Si lazima awe mwenye fujo; anayejitenga na kunyamaza muhula mzima pia huenda anaumia.

Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumuumiza mwili au akili.

Hata hivyo, tusimtwike mwalimu lawama zote. Aliye peke yake mbele ya darasa lililofurika, bila mafunzo wala msaidizi, atachoka tu. Anahitaji kuungwa mkono.

Lakini lipo analoweza kuanza nalo leo bila gharama: kueleza badala ya kubandika jina. Akiandika “ni mtukutu”, amefunga faili. Akiandika “hurusha vitu kelele zinapozidi, hutulia akikaa karibu na dirisha”, amempa mzazi na mtaalamu wa kituo cha kutathmini watoto mahali pa kuanzia. Pengine pia atakuwa amegundua kwamba dawa ya kwanza ilikuwa kumhamisha kiti, si kumhamisha shule.