Sura ya Tano: Njoo Kesho

Katika kazi nyingi ambazo vijana wa Kisii na Nyamira huanzia maisha, ujira hauzuiliwi kwa kukataliwa. Anayechanganya saruji kwenye ghorofa zinazozidi kuota Kisii mjini haambiwi kwamba hatalipwa, wala mhudumu wa hoteli ndogo ya Keroka, wala mchumaji wa chai anayepimiwa kilo zake pande za Nyansiongo, wala anayelainisha vinyago vya mawe kwa msasa na maji kule Tabaka. Mwajiri hukiri deni, tena kwa upole, kisha husema: njoo kesho. Wiki ikipita, huongeza kwamba biashara imelala, au mwenye nyumba hajaleta pesa, au kuna vitu vilivyovunjika ambavyo ni lazima vihesabiwe kwanza. Kijana huzungushwa hivyo hadi nauli ya kufuatilia inakaribia kulingana na pesa anazofuata. Wengi husema chanzo ni ujinga wa sheria au woga wa wanyonge. Hayo yapo, lakini jambo kubwa ni kwamba pande zote mbili, na mara nyingi hata wazazi wa kijana, huuona ujira kama hisani ambayo mkubwa hutoa anapoweza. Sheria ya Kenya inauona kama deni lenye tarehe, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anapaswa kueleza nini mzozo unapofika mezani.

Tarehe yenyewe haikuachiwa mapatano. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kibarua wa kutwa hulipwa jioni ya siku hiyo hiyo, aliyechukuliwa kwa muda usiozidi mwezi hulipwa muda huo unapoisha, na wa mwezi hulipwa mwezi unapoisha. Anayefanya kazi kwa kipimo, kama kilo za chai au idadi ya vinyago, hulipwa kazi inapokamilika au mwisho wa mwezi kwa kadiri aliyofanya, lolote litakalotangulia. Anayefukuzwa papo hapo, hata kwa kosa la kweli, anadai kila senti aliyochuma hadi siku hiyo. Hapa ndipo kijana husema: lakini sina karatasi. Hana, kwa sababu kazi nyingi za eneo hili hufungwa kwa maneno mawili matatu kando ya barabara. Sheria hiyo inatambua mkataba wa mdomo sawa na wa maandishi, na kazi ya miezi 3 au zaidi inampa mwajiri, si mfanyakazi, jukumu la kuuandika. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi aliyopaswa kuwa nayo, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa. Watu hudhani kukosa karatasi kunamlinda bosi, na mabosi wamefaidi dhana hiyo kwa muda mrefu. Kijana bado anapaswa kuonyesha kwamba alifanya kazi hapo, lakini ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya mwezi uliotangulia, picha aliyopigwa akiwa na sare, na mwenzake wa zamu aliye tayari kusema alichokiona vinaweza kumfikisha mbali. Hata neno kibarua lina mwisho wake: aliyefanya kazi mfululizo kwa siku ambazo kwa jumla hazipungui mwezi, au aliyepewa kazi isiyotarajiwa kuisha kabla ya miezi 3, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi, ijapokuwa jina lake halijaandikwa popote ila kwenye daftari la msimamizi.

Kuchelewesha ni nusu ya hadithi. Nusu ya pili ni kukatwa, na hii ina ufundi wake. Tuseme msichana amepatana shilingi 9,000 kwa mwezi katika hoteli. Siku ya malipo anasomewa: sahani mbili, glasi tatu, upungufu wa kaunta, chakula cha mchana, aproni, na siku moja aliyokosa ambayo imehesabiwa kuwa mbili. Anatoka na 3,500, na hesabu imesomwa haraka kiasi kwamba inasikika kama ya haki. Ukiipitisha mstari kwa mstari mbele ya sheria, inabaki kidogo sana. Mali iliyoharibika hukatwa kwa kiasi cha haki pale tu uharibifu ulipotokana na kusudi la mfanyakazi. Sahani iliyoteleza kwenye maji ya sabuni si kusudi, ni gharama ya kuendesha hoteli, kama vile makaa. Upungufu wa pesa hukatwa ikiwa umetokana na uzembe au udanganyifu wa mtu ambaye mkataba wake unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa pesa. Anayebeba chai mezani na kurudisha noti kaunta hajakabidhiwa chochote cha namna hiyo. Siku ya kutoroka kazi inagharimu ujira wa siku moja, haizidi. Na makato ambayo mfanyakazi mwenyewe ameyaomba lazima aombe kwa maandishi, na mwajiri asiwe na faida ndani yake, sharti ambalo chakula cha mchana kinachopikwa na kuuzwa na mwajiri huyo huyo kinashindwa kulitimiza. Uingereza iliwahi kuupiga marufuku mtindo wa kumlipa mfanyakazi kwa bidhaa za duka la bosi mwaka 1831, kwa hiyo hila hii haikuzaliwa Keroka.

Kuna kifungu kimoja ambacho waajiri hukikumbuka vizuri kuliko vingine: makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Baadhi yao hukisoma kana kwamba ni ruhusa ya kula theluthi mbili. Sivyo. Hicho ni kikomo cha makato ambayo tayari ni halali, na kato lisilo halali halipati uhalali kwa kuwa dogo. Vivyo hivyo kwa kima cha chini cha mshahara. Baada ya nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kiwango cha mfanyakazi wa shambani asiye na ujuzi kilifika shilingi 7,997.33 kwa mwezi. Kijana aliyekubali 5,000 kwa hiari yake, kwa sababu alikuwa na njaa, hajaipoteza tofauti hiyo. Viwango hivyo ni sehemu ya kila mkataba, na hakuna makubaliano yanayoweza kuvishusha.

Ujana unaongeza mitego ambayo mtu mzima haioni. Wa kwanza ni mpokeaji. Msichana anayetafutiwa kazi ya nyumbani, iwe Nyamira au Nairobi, mara nyingi hupatanishiwa mshahara na shangazi au dalali, na pesa hutumwa moja kwa moja kwa huyo aliyempeleka, ama kwa mama kijijini. Sheria inataka ujira ulipwe kwa mfanyakazi mwenyewe. Mwingine anaweza kuupokea mfanyakazi asipokuwepo, kwa idhini yake ya maandishi. Mwajiri anayesema nilishamlipa mama yako, bila idhini hiyo, bado hajalipa. Sisemi kwamba msichana asimsaidie mama. Nasema msaada ni wake kuutoa, na hauwezi kuwa wake kama haujapita mkononi mwake. Mtego wa pili ni neno unajifunza. Kijana anayeshika misumari ya fundi huambiwa mwaka mzima kwamba ujuzi ndio malipo. Uanagenzi upo kisheria, lakini una mkataba wa maandishi unaosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, na mwanagenzi mwenyewe amo katika tafsiri ya neno mfanyakazi kwenye Sheria ya Ajira. Aliye na miaka 17 asitishwe pia na hoja ya umri. Sheria inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 13, inamruhusu wa 13 hadi 16 kazi nyepesi tu, na makatazo hayo na adhabu zake vimeelekezwa kwa anayeajiri. Mtoto hakuvunja sheria kwa kutumwa kazini.

Mzee mwenye busara atauliza kama lugha hii ya madai haiharibu utu wa Gusii, ambako watu walilimiana mashamba kabla ya shilingi kufika. Ni swali la haki, na jibu lake limo ndani ya desturi yenyewe. Katika egesangio, kikundi kilikwenda shamba la huyu leo na la yule kesho, na kila mmoja alijua zamu aliyodaiwa. Aliyekula jasho la wenzake kisha akakosa kutokea zamu yao hakuitwa ndugu mwenye shida, alitengwa. Hata palipokuwa na karamu baada ya kulima, chakula kilikuwa tayari siku ile ile. Desturi ilihesabu kazi kwa ukali kuliko waajiri wengi wa leo, ila kipimo chake kilikuwa kazi nyingine badala ya pesa. Anayetaja undugu wakati wa kuchukua kazi na biashara wakati wa kuilipa hayumo katika egesangio wala katika sheria.

Hoja ya biashara kulala ina uzito zaidi, kwa kuwa mara nyingi ni kweli. Mwenye kibanda au kontrakta mdogo naye hudai watu wasiomlipa, na kumtia pingu kunaweza kuwaacha wafanyakazi wake wote bila kazi. Lakini tuangalie hasara inaangukia nani. Aliyekopesha saruji aliweka bei yenye faida na alijua anakopesha. Kijana hakuulizwa kama anataka kuwa mkopeshaji, na mkopo wake hauna riba. Kumbukumbu za eneo hili zina kinyume chake pia. Chini ya sheria ya kikoloni ya mabwana na watumishi, ya mwaka 1906 na kurekebishwa 1910, mfanyakazi aliyeacha kazi kabla ya muda wake alikuwa mhalifu, na vijana waliotoka Gusii kwenda mashamba ya chai ya Kericho waliingia katika kivuli cha kanuni za aina hiyo. Biashara mbaya haikuwa udhuru kwa mtumishi wakati huo. Leo adhabu imegeukia upande wa pili, na kukosa kulipa ujira kama inavyotakiwa ni kosa la jinai. Mwajiri aliyekwama kweli ana njia ya heshima: kuandika kiasi anachodaiwa na tarehe za kukilipa. Karatasi hiyo humsaidia kijana zaidi ya ahadi 20.

Kisha kuna wanaosema haki hii ni ya vitabuni, kwani nani atashtaki kwa shilingi 6,000? Ni kweli mlango mmoja umefungwa kwa namna ya kushangaza: mahakama za madai madogo, zilizoundwa na sheria ya 2016 kwa ajili ya fedha kidogo hasa, zimekatazwa kusikiliza migogoro ya ajira. Ningependa kusikia aliyeandika kifungu hicho akikieleza kwa mchumaji wa chai. Hata hivyo si lazima mtu asafiri hadi Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Mwaka 2018 Jaji Mkuu David Maraga aliwapa mahakimu wakaazi waandamizi na wa juu yao uwezo wa kusikiliza madai ya wafanyakazi wenye mshahara usiozidi 80,000 kwa mwezi, na Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo kote kuna mahakama. Kabla ya hapo kuna ofisi ya leba, ambako afisa wa kazi hupokea malalamiko bila ada, humwita mwajiri, hukagua kumbukumbu zake na anaweza kumfikisha mahakamani. Maafisa ni wachache na jalada huweza kulala, lakini wito wenye muhuri wa serikali humfanya bosi atafute daftari lake. Na anayeogopa kufukuzwa kwa kulalamika ajue kwamba lalamiko halihesabiwi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Akifukuzwa kwa hilo, fidia yaweza kufika mshahara wa miezi 12, ambao ni mkubwa kuliko deni la mwanzo.

Kilichobaki ni saa. Malalamiko ya kufukuzwa hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Kesi ya madai ya ajira ina miaka 3 tangu sababu yake ilipotokea, na kwa madhara yanayoendelea, miezi 12 baada ya kukoma. Mwajiri mzoefu anayajua haya hata kama hajawahi kufungua kitabu cha sheria, kwa sababu amewaona waliokuja wakichoka na waliochelewa wakirudishwa. Kijana aliyeachishwa kazi mwezi Machi, akaambiwa njoo kesho hadi Julai, tayari amepitwa na muda wa mlango wa kwanza, na hakuna aliyemwambia kwamba kila kesho ilikuwa ikihesabiwa.