Suneka Ikingoja Mwisho wa Malaria

Katika mambo makubwa ya dunia ambayo mtu humwomba Mungu ampe umri ayaone, liko moja ambalo Afrika Mashariki imekwisha kulishuhudia mara mbili: ugonjwa kwisha. Si kupungua wala kupatiwa dawa, bali kwisha kabisa. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Sotoka, iliyofagia mifugo ya bara hili katika miaka ya 1890, ilionekana mara ya mwisho mwaka 2001 kwa nyati wa Mbuga ya Meru, hapa Kenya. Magonjwa mawili ndiyo pekee ambayo binadamu amewahi kuyafuta duniani, na yote mawili yalikata roho upande wetu. Wengi hatukujua hata siku yenyewe ilipopita.

Anayeishi Suneka, karibu na mji wa Kisii, leo ana haki ya kuuliza kama ugonjwa wa tatu utakuwa malaria, na kama atakuwapo. Kabla ya kumjibu, nianze na mtu wa Merca.

Aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alipanda gari moja na wagonjwa wawili wa ndui ili kumwelekeza dereva njia ya kwenda kambi walikotengwa. Siku chache baadaye homa ikampata, kisha vipele. Alipona. Miaka ya baadaye alijitolea katika kampeni ya polio, akizunguka kuwashawishi wazazi waliokataa chanjo, akiwasimulia yaliyompata yeye ili Somalia isije ikawa ya mwisho tena. Julai 2013, akiwa katika kazi hiyohiyo, alishikwa na homa akafa. Mtu wa mwisho wa ndui aliuawa na malaria.

Wengi hudhani ndui iliisha kwa sababu ilichukiwa zaidi, au kwa sababu wakubwa wa dunia waliitilia maanani zaidi. Chuki haikukosekana kwa malaria pia. Mwaka 1955 Shirika la Afya Duniani lilitangaza vita vya kuifuta duniani, likavisimamisha mwaka 1969, na sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki haikuwahi kuingizwa kikamilifu katika mpango huo. Tofauti ya magonjwa haya mawili ni mahali yanapojificha. Ndui haikuwa na maficho. Kila aliyeugua alionekana usoni, hakuna mnyama aliyeibeba, na aliyepona au kuchanjwa alikuwa salama kwa miaka mingi. Wahudumu walimtafuta mgonjwa mmoja, wakawachanja wote waliomzunguka, wakaenda kwa mwingine. Sotoka nayo ilishindwa kwa chanjo moja imara, aliyoitengeneza Walter Plowright pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na ng'ombe aliyechanjwa alilindwa maisha yake yote.

Malaria ina maficho mawili. La kwanza ni mbu. La pili, ambalo wengi hawalifikirii, ni mtu mzima mwenye afya yake. Katika maeneo ambako watu huumwa na mbu wenye vimelea mwaka mzima, mwili hujifunza kuvivumilia. Baba anaamka, analima, anakwenda sokoni, na ndani ya damu yake mna vimelea vya kutosha kumwambukiza mbu atakayemuuma usiku. Haumwi, kwa hiyo hapimwi, na asipopimwa hatibiwi. Ndui haikuwahi kuwa na mbebaji wa namna hiyo.

Hapo ndipo Suneka inapopata umuhimu wake, maana imekaa penye mshono wa nchi mbili za malaria. Soko lenyewe liko kwenye barabara inayoshuka kutoka mji wa Kisii kuelekea Rongo na Migori. Wizara ya Afya inapogawa Kenya kwa kanda za malaria, Kisii na Nyamira huwekwa katika nyanda za juu, ambako ugonjwa huja kwa mlipuko. Homa Bay na Migori huwekwa katika kanda ya ziwa, ambako hauondoki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea kwa karibu asilimia 19 ya watoto waliopimwa kanda ya ziwa, na kwa takriban asilimia 1 tu nyanda za juu. Kati ya asilimia hizo mbili pana mwendo mfupi wa matatu. Wanaosafirisha ndizi, miwa na matofali huvuka mpaka huo kutwa mara kadhaa, na hakuna kizuizi cha polisi kinachokagua damu.

Kinachouweka mpaka huo hasa ni joto. Kimelea kikiingia kwa mbu hakiwi tayari papo hapo. Lazima kikue tumboni mwake kisha kifike kwenye mate. Kwa wastani wa nyuzijoto 25 kazi hiyo huchukua kama siku 12. Kwa nyuzi 20 ni siku 28 hivi. Kwa nyuzi 18 ni karibu siku 55, na ikifika 16 ukuaji husimama. Sasa kumbuka kuwa mbu jike wengi hawapiti wiki tatu za maisha. Huku chini kuelekea ziwa, mbu anaishi muda wa kutosha kuuza alichonunua. Kule Keroka, au kwenye vilima vya Nyamira vyenye majani chai, wengi wao hufa mzigo ukiwa bado haujaiva. Kisii na viunga vyake hukaa karibu na kizingiti chenyewe, ndiyo maana nyuzi moja au mbili, ambazo mtu wa Kisumu hata asingezihisi, hapa zinaweza kuamua kama msimu utapita salama.

Na hapa ndipo hofu ilipo. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifuatwa na mlipuko katika nyanda za juu za magharibi. Mwaka 2002, kati ya Juni na Julai, ukaja mwingine: wodi za Kisii, Gucha na Nyamira zikajaa, na waliokufa hawakuwa watoto peke yao. Kanda ya ziwa, anayeuawa na malaria kwa kawaida ni mtoto mdogo au mama mjamzito. Mlimani, mwili wa mtu mzima haujazoea kimelea, hivyo mlipuko ukija humchukua hata kijana aliyekuwa akibeba magunia jana yake. Kadiri tunavyofanikiwa kuipunguza malaria ndivyo tunavyolea kizazi kisicho na kinga dhidi yake. Zanzibar inalijua hili vizuri. Unyunyiziaji wa dawa ulioanza huko mwishoni mwa miaka ya 1950 uliishusha malaria hadi kiwango cha chini sana kufikia 1968. Kampeni ikasitishwa, na miaka michache baadaye ugonjwa ulikuwa umerudi kwa nguvu. Anayeogopa jambo kubwa la dunia litakaloikumba Suneka asitazame angani. Atazame bajeti inayokatwa katikati ya mafanikio.

Silaha zilizopo si haba, na moja chimbuko lake lililimwa hapahapa. Wazee wa Kisii wanaikumbuka pareto: maua meupe yaliyochumwa, yakaanikwa, yakapelekwa ushirika, na ada za shule zikalipika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pareto ya dunia ilitoka Kenya, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wa Marekani walitumia dawa yake dhidi ya mbu. Wanakemia waliiga umbo la sumu ya ua hilo wakatengeneza jamii ya pirethroidi, na hizo ndizo zilizopakwa kwenye neti karibu zote tulizogawiwa bure tangu mwaka 2006. Wakulima, malipo yalipoanza kuchelewa, waling'oa pareto wakapanda vingine. Mbu naye hakulala. Ameizoea sumu hiyo kiasi kwamba neti za sasa huongezewa kemikali ya pili ya kumvunja nguvu, na unyunyiziaji wa kuta kule Migori na Homa Bay uliporejea, 2017 na 2018, ulitumia dawa za jamii nyingine.

Kuna silaha nyingine ambayo naipenda kuliko sifa inazopewa: samaki. Katika vidimbwi vya karibu na Kisii, watafiti walitia ngege wa kuliwa, kisha wakahesabu mabuu ya mbu. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2007 yalionyesha mabuu ya mbu wa malaria yakipungua kwa zaidi ya asilimia 94. Utafiti uliofuata ulikuwa na somo chungu zaidi: kidimbwi kilichotelekezwa, kisicho na samaki, huzaa mbu wa malaria wengi kuliko kinachotunzwa. Mashimo ya kufyatulia matofali ni hivyohivyo. Udongo unachimbwa kiangazi, masika yanajaza, na mbu wa malaria hupenda maji ya aina hiyo: ya kina kifupi, yenye jua, bila wadudu wengi wa kumla. Serikali inaweza kugawa neti, ila shimo lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa jina.

Chanjo nayo imefika. Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio Septemba 2019, na uzinduzi ulifanyika Homa Bay. Shirika la Afya Duniani likaipitisha kwa matumizi mapana Oktoba 2021, na ya pili, iitwayo R21, ikaidhinishwa mwaka 2023. Nawasihi wazazi waipokee, lakini wasiipokee kwa matumaini ya ndui. Chanjo hii humpunguzia mtoto hatari ya kuugua sana na kufa. Haizuii kila maambukizi, na kinga yake hufifia. Inaokoa maisha bila kuyabomoa yale maficho mawili.

Huku nyuma vimelea vinajifunza. Mabadiliko ya vinasaba yanayochelewesha kazi ya artemisinini, uti wa mgongo wa dawa zetu za mseto, yamethibitishwa Rwanda na Uganda. Kutoka Asia ameingia mbu mwingine, Anopheles stephensi, asiyeogopa mji wala tangi la maji. Alionekana Djibouti mwaka 2012 na sasa yuko kaskazini mwa Kenya. Kisha mwanzoni mwa 2025 Marekani ikasitisha ghafla misaada yake ya nje, ile iliyokuwa ikilipia neti, dawa na unyunyiziaji katika nchi nyingi. Mwaka 2023 duniani walikufa kwa malaria watu wapatao 597,000, wengi mno wakiwa watoto wa Afrika.

Kwa hiyo lini? Wataalamu wenyewe hawaelewani. Mwaka 2019 tume ya jarida la Lancet ilisema malaria inaweza kufutwa duniani ifikapo 2050. Wiki chache kabla yake, washauri wa Shirika la Afya Duniani walikuwa wamekataa kutaja mwaka wowote, wakisema zana zilizopo hazitoshi. Mimi niko upande wa washauri. Sidhani mtu wa makamo anayesoma makala haya ataiona dunia isiyo na malaria. Lakini nchi moja moja ni suala jingine: Algeria ilipata cheti mwaka 2019, China 2021, Cabo Verde na Misri zote 2024. Misri, yenye Mto Nile na mashamba ya kumwagilia, na yenye kumbukumbu za malaria tangu enzi za mafarao, haikuwa nchi rahisi.

Cheti chenyewe kina sharti ambalo watu wa Suneka wanapaswa kulijua. Hutolewa kwa nchi nzima, ikithibitisha kuwa kwa miaka mitatu mfululizo hakuna aliyeambukizwa na mbu wa ndani ya mipaka yake. Hakuna cha kaunti wala cha tarafa. Inawezekana kabisa, tena mapema kuliko wengi wanavyofikiri, zahanati za Kisii zikamaliza mwaka mzima zikitoboa vidole na kila kipimo kikionyesha mstari mmoja tu, yaani hakuna malaria. Hata hivyo hakuna atakayekuja kuwatangazia chochote, kwa sababu hesabu itakuwa bado inangoja Rongo, Ndhiwa, Siaya na Busia kule kanda ya ziwa.