Deni Halifutiki kwa Kuharibika Kompyuta

Wahenga wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wazee wetu lilikuwa la karatasi, likakaa katika mtoto wa meza. Leo mwenye duka la vitambaa, mshonaji wa madera, na mama apokeaye oda za keki nyumbani kwake, wote wameyatia madeni, oda na hesabu zao ndani ya kompyuta moja. Manufaa yake hatuyakani. Lakini kompyuta ni chombo, na chombo huharibika. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, hewa ya chumvi ya bahari yetu hula vyuma, mwizi huvunja mlango, na virusi huingia bila kubisha hodi.

Linalotushughulisha si bei ya chombo, kwani chombo hununuliwa kingine. Ni haki za watu zilizomo ndani yake. Bibi harusi aliyetanguliza fedha za nguo zake ana haki kwetu. Aliyetuuzia mali kwa mkopo ana haki kwetu. Maskini naye ana fungu lake, kwani bidhaa za biashara zikifikia nisabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa zaka 1 katika 40. Na asiyejua thamani ya mali yake ataitoaje kwa yakini? Kompyuta ikifa, haki hizi hazifi pamoja nayo. Zitabakia shingoni mwetu, ila tutakuwa hatujui tena ni za nani na ni kiasi gani.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Ikiwa kuandika kumepewa uzito huo, basi kulihifadhi lililoandikwa ni katika kuitimiza amri hiyo.

Wako wasemao, "Mungu atahifadhi." Naam, Yeye ndiye Mwenye kuhifadhi. Lakini tuwatazame Maswahaba. Mwenyezi Mungu ameahidi kuilinda Qur'ani, na juu ya ahadi hiyo wao hawakukaa bure. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar (R.A.) alimshauri Sayyidna Abubakar (R.A.) ikusanywe, na Zaid bin Thabit akaifanya kazi hiyo. Kurasa zile baadaye zikawa katika hifadhi ya Mama wa Waumini, Bibi Hafsa (R.A.). Kisha Sayyidna Uthman (R.A.) akaziazima, zikanakiliwa, na nakala zikapelekwa katika miji mbalimbali. Hawakutosheka na vifua pekee, wala na nakala moja katika nyumba moja. Huko ndiko kutawakali kwa mwenye akili.

Mafundi wa kompyuta wana kanuni inayokaribiana na mwendo huo: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwe mbali na duka. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo kwenye kompyuta. Ya pili iwekwe katika diski ya nje au flashi, ichomolewe kila kazi ikiisha, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili huifikia pia diski iliyochomekwa. Ya tatu iwekwe mtandaoni, au katika flashi nyingine nyumbani, ili moto au mwizi wa dukani asiifikie.

Mtandao peke yake hautoshi. Mwezi wa Mei 2024 nyaya za intaneti zilizo chini ya bahari zilikatika, na mtandao ukazorota katika Afrika Mashariki. Na usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya nchi yetu ilikosa umeme kwa saa nyingi. Betri ndogo ya akiba husaidia, walau mtu apate dakika za kuhifadhi kazi yake na kuizima kompyuta kwa utaratibu.

Na iwekwe siku maalumu ya kunakili. Mwenye mauzo mengi anakili kila jioni kabla ya kufunga. Mwenye oda chache anakili kila Alhamisi. Mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe katika kompyuta nyingine ionekane kama inasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa ni tamaa, si akiba. Na kwa kuwa ina majina na simu za watu, itiwe neno la siri. Siri ya mteja ni amana, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 pia inailinda.

Pamoja na hayo, dukani pawe na karatasi: kitabu cha risiti chenye nakala ya kaboni, orodha ya bei, na orodha ya wadeni na wadai iliyochapishwa kila mwisho wa wiki. Ziandikwe pia namba za simu za fundi na za wauzaji wa jumla. Kompyuta ikizima katika kumi la mwisho la Ramadhani, duka limejaa na Idi imekaribia, msaidizi atachukua kalamu na kuendelea, na hesabu itaingizwa baadaye. Ni vyema afundishwe mapema, si siku ya fazaa.

Liko jambo moja zito zaidi. Mirathi haigawanywi mpaka madeni ya marehemu yalipwe. Mume akifariki na neno la siri analijua yeye pekee, mjane atalipa nini, na atamdai nani? Mtume wetu (S.A.W.) ametuhimiza wasia uwe umeandikwa. Basi maneno ya siri nayo yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa, na akabidhiwe mke, mume au mtoto mwaminifu.

Jioni ya leo, kabla ya duka kufungwa, flashi moja na kitabu kimoja cha risiti vyatosha kuwa mwanzo. Mwenyezi Mungu atujaalie tukutane Naye hali ya kuwa hakuna haki ya mja iliyopotea mikononi mwetu. Amin.