Kukosa Usingizi Si Uvivu

Mama mmoja muuza mboga aliletwa kwetu na wenzake wa chama. Yeye ndiye mweka hazina, na pesa hazikulingana na daftari. Walisema ameiba. Tulipokaa naye tukahesabu pole pole, tuliona pesa zote ziko, ila michango mingine ameiandika mara mbili. Ndipo akatueleza kwamba tangu mzee wake afariki, miezi minane, hajalala vizuri. Analala saa nne, saa saba yuko macho mpaka jogoo awike.

Ndugu wasomaji, watu kama huyu ni wengi kuliko tunavyodhani. Madaktari hukadiria kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 3 husumbuliwa na usingizi, na karibu 1 kati ya 10 ana shida sugu: angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi. Wanawake na wazee huzidi. Askari wa usiku ni mambo mengine, yeye hana nafasi ya kulala. Huyu mama nafasi anayo, usingizi ndio haukuji.

Mchana wake ndio unaoharibika. Anasahau, anafokea watoto bure, anaunguza chakula. Mwaka wa 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi ya mikono na macho kama mtu aliyekunywa pombe kidogo. Hebu fikiria dereva wa matatu katika hali hiyo! Tena usingizi ukikosekana kwa muda mrefu, huzuni kubwa huwa karibu, nayo huzuni huzidi kufukuza usingizi.

Wengine hukimbilia chang'aa. Ni kweli italaza mtu haraka, lakini usiku wa manane itamwamsha. Miraa na chai nzito za jioni ni adui kabisa. Dawa za usingizi zisinunuliwe ovyo dukani. Ni za muda mfupi na kwa maagizo ya daktari, kwa sababu mwili huzizoea.

Tangu 2016 chama cha madaktari wa Marekani kinashauri tuanze na kubadilisha mazoea, si vidonge. Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili na hata kama hukulala. Usiende kitandani kabla ya kusinzia. Ukikaa kama dakika 20 bila usingizi, ondoka. Tunajua wengi wetu tuna chumba kimoja na kitanda ndicho kiti. Basi keti hata kwa mkeka, taa iwe ndogo, simu iwe mbali. Anayekoroma sana na kukatika pumzi, au anayewaza kujiua, aende hospitali mara moja.

Yule mama bado ni mweka hazina. Chama kimempa msaidizi wa kuandika daftari, na siku hizi anafikisha saa kumi.