Gurudumu la Nyuma Likiinama: Pima Hausingi Kabla ya Kununua Tairi

Barabara za Kilimanjaro hazina huruma kwa gari kuukuu. Mji wa Moshi upo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu la kupandia mlima limepita mita 1,800. Kuanzia Machame na Kibosho hadi Rombo kuna miteremko mikali na njia za vijijini ambazo masika huzichimba na kuacha mawe yamejitokeza. Gari la familia nalo hugeuzwa la mizigo: leo mikungu ya ndizi, kesho magunia ya kahawa, na siku ya Idi jamaa wamejazana. Sehemu kubwa ya uzito huo huielemea ekseli ya nyuma.

Katika magari mengi ya zamani, kama vile Land Rover, Hilux na Hiace, magurudumu ya nyuma hushikwa na bomba nene la chuma lenye difu katikati. Mafundi huliita hausingi. Springi hulikandamiza chini, na magurudumu huzisukuma ncha zake juu. Mzigo ukizidi, au gari likitumbukia shimoni kwa kasi, katikati hushuka na magurudumu huinama, sehemu ya juu ikielekea ndani. Jiwe likigongwa, ncha moja yaweza kurudi nyuma.

Hatari iliyofichika

Wengi hudhani huo ni uzee tu wa gari, wakanunua tairi mara kwa mara. Kumbe tairi inayolika upande wa ndani peke yake ni shahidi wa kwanza. Ekseli inayozunguka ndani ya bomba lililopinda huteseka kila mzunguko. Beringi huchakaa, sili huvujisha, na oili hufika kwenye breki. Ndugu msomaji, breki iliyolowa oili katika mteremko wa Kibosho, watoto wakiwa nyuma, si jambo la kungojea mwisho wa mwezi. Baya zaidi, ekseli yaweza kukatika. Na katika magari ambayo ekseli yenyewe ndiyo inayobeba gurudumu, kama Hilux na Hiace nyingi, gurudumu laweza kuchomoka.

Namna ya kupima

Vifaa ni timazi, rula, futi kamba na chaki. Egesha gari lisilo na mzigo kwenye sakafu iliyo sawa, upepo wa tairi ukiwa sawa, na uhakikishe kuwa beringi hazichezi.

Kwanza, ning'iniza timazi kando ya gurudumu. Pima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha hadi ukingo wa chini. Sukuma gari mbele kwa nusu mzunguko wa gurudumu, upime tena. Mwinamo ukigeuka upande, kasoro ipo kwenye rimu au ekseli. Ukibaki vilevile, ishuku hausingi.

Pili, tia alama ya chaki katikati ya kila tairi, upande wa nyuma, kwenye kimo ambacho futi inapita bila kugusa difu. Pima umbali baina ya alama hizo. Sukuma gari mbele mpaka alama zifike upande wa mbele kwa kimo kilekile, upime tena. Vipimo viwili vinapaswa kukaribia kulingana. Tofauti ya zaidi ya milimeta mbili hivi yataka fundi.

Kunyoosha au kubadilisha

Fundi makini humwaga oili, hutoa ekseli na difu, kisha husafisha bomba kabisa kabla ya kuwasha moto. Hupitisha mtaimbo ulionyooka kwenye vikalio vya beringi ili aone mpindo ulipo. Hunyoosha kwa jeki ya haidroliki kidogo kidogo, akipima kila hatua, au huupasha moto upande uliotokeza: chuma kikipoa husinyaa na kulivuta bomba. Hausingi yenye ufa au iliyokunjamana ibadilishwe. Ukinunua iliyotumika, ipime kabla ya kulipa. Ikiwa inakuja na difu yake, uwiano wa meno uwe uleule, hasa kwa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kazi ikiisha, weka sili mpya, toa upepo kwenye breki, na upime upya.

Ukiamua kuuza gari lenye kasoro hii, mweleze mnunuzi. Kuficha ila ya bidhaa ni hadaa, na dini yetu imeikataza. Tairi mpya zilizofungwa ili kuficha mwinamo zitamdanganya mnunuzi kwa majuma machache tu. Mzigo na mteremko vitaufichua, pengine akiwa na familia yake garini.